Gari la Mashindano Haliundwi kwa Kelele

Wahenga walisema debe tupu haliachi kuvuma. Anayetaka kuwasadiki asimame jioni ya Jumapili kando ya barabara ya kuelekea ziwani, hapa Bujumbura, atege sikio. Itapita Subaru iliyong'olewa kizuia sauti cha bomba la moshi. Imeshushwa hadi tumbo lake linakwangua matuta, mgongoni imebeba bawa pana kama meza ya kulia, na ubavuni imebandikwa stika za makampuni ambayo hayajawahi kumpa mwenyewe hata faranga moja. Vijana watapiga miluzi. Mwenye gari atatangaza, na watu watamwitikia, kwamba hilo ni gari la mashindano, tena kalitengeneza uani kwao kwa mwezi mmoja.

Mimi nakataa. Hilo si gari la mashindano, wala halikutengenezwa. Lilikuwa gari zuri la spoti, likaharibiwa, na sasa linaendeshwa katikati ya watu.

Naomba nieleweke mapema, ndugu msomaji. Sijajiunga na wale wazee wanaoamini kwamba kila kijana anayependa injini ni mhuni mtarajiwa. Kazi ya kuligeuza gari la spoti kuwa gari la mashindano nyumbani ni kazi yenye heshima na yenye historia ndefu. Mwanzoni mwa miaka ya 1950, huko New Zealand, kijana Bruce McLaren alishirikiana na baba yake, mwenye gereji mjini Auckland, kuifufua Austin 7 Ulster ya mwaka 1929. Gari lile dogo ndilo alilojifunzia kukimbia, na jina lake leo limeandikwa kwenye magari ya Formula One. Colin Chapman alianza mwaka 1948 na Austin 7 kuukuu katika banda la nyuma ya nyumba ya wazazi wa mchumba wake, London, na humo ndimo ilimozaliwa Lotus. Wote wawili walianzia uani, kama sisi.

Na tusiende mbali. Joginder Singh, ambaye Wakenya walimwita Simba, alikulia kwenye spana katika gereji ya baba yake. Mwaka 1965 yeye na ndugu yake Jaswant walishinda mbio za Safari za Afrika Mashariki kwa Volvo PV544 ambayo timu ya kiwanda ilikuwa imekwisha kuitumia. Akashinda tena mwaka 1974 na 1976 kwa Mitsubishi Lancer. Katikati ya ushindi wake huo ikaja Datsun 240Z, gari la spoti hasa, la milango miwili, lililouzwa madukani kwa mtu yeyote mwenye pesa. Lilishinda Safari mwaka 1971 likiendeshwa na Edgar Herrmann, na mwaka 1973 likiendeshwa na Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda. Tazama picha za magari hayo. Yamenyanyuliwa juu, hayakushushwa. Chini ya injini yamewekewa bamba la chuma, springi zimeimarishwa, mbele kuna taa za ziada, nyuma kuna magurudumu ya akiba. Waliyatengeneza kwa ajili ya barabara waliyokuwa nayo. Sisi tuna mashimo na matuta kila mtaa, kisha tunakata springi ili gari lifanane na yale tunayoyaona kwenye simu, yanayokimbia kwenye lami laini kama kioo.

Kukata springi nakuanzia makusudi, kwa kuwa ndiyo dhambi inayofanyika haraka kuliko zote. Fundi anachukua grainda, anaondoa mizunguko miwili, kazi imekwisha kabla chai haijapoa. Gari linashuka, mwenyewe anafurahi. Kilichotokea ni kwamba nafasi ya gurudumu kupanda na kushuka imeliwa. Gurudumu likikutana na tuta, shokapu inagonga mwisho wake, tairi linaruka, na kwa muda huo haligusi ardhi. Tairi lisilogusa ardhi halipigi kona wala halifungi breki. Dereva aliyedhani amenunua ushikaji wa barabara amenunua kinyume chake, na akapewa risiti.

Sasa tuje kwenye kizimba, maana hapa ndipo uongo unapokuwa hatari. Gari la mashindano lina kizimba cha mabomba ya chuma ndani yake, ili likipinduka paa lisimkandamize dereva. Baadhi ya vijana wetu wamekwisha kukiona na wamekitaka. Vizuri. Lakini kanuni za Shirikisho la Kimataifa la Magari, FIA, katika Kiambatisho J, kifungu cha 253, hazisemi tu "weka mabomba". Zinataka bomba la chuma cha kaboni lisilo na mshono, lililovutwa likiwa baridi, lenye nguvu ya kuhimili mvuto isiyopungua megapaskali 350. Upinde mkuu, ule ulio nyuma ya dereva, uwe na kipenyo cha milimita 45 na unene wa milimita 2.5, au kipenyo cha 50 na unene wa 2. Mabomba mengi mengine yawe 38 kwa 2.5, au 40 kwa 2. Mguu wa upinde hauchomelewi tu juu ya sakafu ya bati. Unawekewa bamba la chuma la unene usiopungua milimita 3 na eneo lisilopungua sentimita za mraba 120, ili siku ya siku mguu usitoboe sakafu kama sindano inavyotoboa kitambaa.

Linganisha na mabomba tunayotengenezea mageti na vizuizi vya madirisha. Yana mshono ubavuni, na mengi yake ukiyakanyaga yanabonyea. Kizimba cha bomba la dirishani ni pambo. Na ni pambo baya kuliko stika, kwa sababu stika haimwongezei mtu ujasiri wa kupiga kona kwa kasi ya 120.

Kuna jambo jingine ambalo wengi hawalifikirii. Hata kizimba cha halali, kilichochomelewa na fundi hodari kwa bomba halali, kimewekwa kwa ajili ya mtu aliyevaa helmeti na kufungwa kwenye kiti imara kwa mkanda wa pointi 6. Yule asiye na helmeti, aliyekaa kwenye kiti cha kawaida na mkanda wa kawaida, ana bomba la chuma sentimita chache kutoka kwenye kichwa chake. Ajali ndogo ya mjini, ambayo kwenye gari lisiloguswa ingemwachia uvimbe, humo inaweza kumpasua fuvu. Kwa hiyo mwenye gari achague. Ama ni gari la mashindano, na halina ruhusa ya kwenda kununua mkate, ama ni gari la barabarani, na kizimba hakina kazi ndani yake. Hawa vijana wanataka yote mawili kwa pamoja, na hapo ndipo hoja yao inapovunjika. Gari lililovuliwa viti vya nyuma, mazulia na mikanda ili lipungue uzito, halafu usiku likabeba marafiki wanne waliokaa kwenye bati tupu, sijui tuliite nini. Pengine jeneza lenye turbo.

Breki. Mafundi wetu wanaita feri, na hakuna neno ninalotamani kulisikia zaidi gereji. Kijana anakuja na pesa zake zote kwa ajili ya injini. Anataka turbo isukume hewa zaidi, anataka moshi, anataka mlio. Hesabu ya shule ya sekondari inatosha kumjibu: kasi ikiongezeka mara mbili, nguvu inayopaswa kumezwa na breki inaongezeka mara nne. Subaru ya kilo 1,200 inayotoka kasi ya 60 kwenda 120 haikuongeza mzigo wa diski zake mara mbili, imeongeza mara nne, na diski ni zilezile zilizokuja nalo kutoka Japani, labda na pedi za bei rahisi.

Kisha mafuta ya breki. Yale ya daraja la DOT 3 yakiwa mapya hayatakiwi kuchemka chini ya nyuzi 205 za Selsiasi, na yale ya DOT 4 nyuzi 230. Lakini mafuta haya yanakunywa unyevu wa hewani taratibu, na yakishalowa viwango hivyo vinashuka hadi 140 na 155. Hapa tunakaa kando ya Tanganyika, unyevu hatuuombi kwa mtu. Gari ambalo mafuta yake ya breki hayajabadilishwa tangu lishuke melini Dar es Salaam, likiteremshwa kwa fujo kutoka Bugarama kuja mjini kwa Barabara ya Taifa namba 1, mteremko wa zaidi ya mita elfu moja wenye kona juu ya kona, mafuta hayo yatachemka. Yakichemka yanakuwa mvuke, mvuke unabonyea, na pedali inazama hadi sakafuni bila chochote kutokea. Na barabara hiyohiyo ndiyo ya watu wa baiskeli wanaoteremka na mikungu ya ndizi na magunia ya makaa, na wanaopanda wakiwa wameshikilia malori nyuma. Mtu wa ndizi hakuomba kushindana na yeyote.

Niongeze la usukani. Burundi tunaendesha upande wa kulia, ilhali magari mengi ya spoti yanayotufikia ni ya Kijapani yenye usukani kulia. Dereva anayetaka kulipita lori yuko upande wa mfereji, haoni kinachokuja mpaka nusu ya gari lake iwe imekwisha kutokeza kwenye njia ya wenzake. Dereva mwenye busara anasubiri. Aliyeaminishwa kwamba ana gari la mashindano anatokeza.

Nani alimuaminisha? Marafiki, ndiyo. Simu, ndiyo. Lakini nitasema wazi kwamba sehemu ya lawama iko Buyenzi, na nasema hivyo kwa uchungu kwa sababu Buyenzi ndiyo shule yetu. Sisi wanafunzi wa Kiswahili tunapenda kulalamika kwamba lugha hii haina istilahi za ufundi, kwamba profesa hajatuletea kamusi. Twende basi kwenye mitaa ile yenye namba badala ya majina, tukae kwenye benchi la gereji asubuhi moja. Tutasikia kuchomelea, kunyoosha bodi, kukaza, kulegeza, kusafisha njia za mafuta, kusikiliza injini "inavyokohoa". Maneno ya Kifaransa yamevishwa kanzu na kofia na yanatembea kama wenyeji. Kijana wa miaka kumi na sita anakuelezea safari ya petroli kutoka tangi hadi pistoni kwa Kiswahili safi kuliko insha zetu nyingi. Elimu ipo, mikono ipo, na lugha ipo.

Kinachokosekana ni fundi kusema hapana. Mteja akija na springi zake akitaka zikatwe, fundi anajua. Mteja akileta bomba la dirishani akitaka kizimba, fundi anajua zaidi ya mteja. Lakini kodi ya gereji inadaiwa, jirani naye ana grainda, na mteja akikataliwa hapa atavuka barabara. Naelewa. Hata hivyo mchelea mwana kulia hulia yeye. Siku gari lile litakapoingia kwenye umati, mteja atasema fundi ndiye aliyechomelea, na hakuna atakayeuliza bei ya bomba. Fundi ambaye sharti lake la kwanza ni breki, kisha matairi, kisha mengine, atapoteza wateja wawili leo. Lakini mwanafunzi wake atajifunza kazi yenyewe badala ya kujifunza kukata.

Na kazi yenyewe ni tamu. Gari la spoti likiletwa uani, jambo la kwanza ni kulivua mazulia na kutafuta kutu, maana huwezi kuchomelea chochote kwenye sakafu iliyooza. Halafu breki nzima inafunguliwa: mipira, mabomba, pedi, mafuta mapya. Matairi yanasomwa tarehe. Ubavuni mwa kila tairi kuna tarakimu nne, na 1216 maana yake ni wiki ya 12 ya mwaka 2016, na tairi la mtumba linalong'aa laweza kuwa na umri wa mtoto wa darasa la tano. Unyoofu wa magurudumu unaweza kupimwa bila mashine ya mamilioni. Watu wa mashindano duniani kote wanavuta nyuzi mbili sambamba pande mbili za gari, wanazifunga kwenye vigingi, wanapima kwa rula kutoka uzi hadi ringi, mbele na nyuma ya kila gurudumu. Uzi, vigingi, rula na subira ya saa tatu. Mwanafunzi wa gereji aliyefanya hivyo mara moja ameelewa jiometri ambayo ubaoni ilimshinda mwaka mzima. Kisha kiti, mkanda, kizimamoto, na swichi ya kukata umeme wote wa gari, inayofikiwa na dereva aliyefungwa na pia na mtu aliyesimama nje. Injini inakuja mwisho. Injini ya Impreza, ile ya sentimita za ujazo 1,994, ilitoka kiwandani ikiwa na nguvu kuliko akili ya wengi wanaoinunua, na ukiiongezea msukumo wa turbo huku ukiinywesha petroli ya kwenye madumu ambayo hakuna ajuaye imechanganywa na nini, mchanganyiko unalipuka kabla ya wakati wake na pistoni inapasuka. Hilo nalo ni somo, lakini ghali.

Najua nitakayojibiwa. Wa kwanza atauliza: nchi imepanga foleni za mafuta siku kadhaa, watu wanalala kwenye vituo, na wewe unaandika habari za magari ya mbio? Ndiyo, naandika, na foleni hizo zinanipa nguvu. Anayechoma lita 20 kwa kuzunguka mjini usiku, huku teksi imekwama na mgonjwa ndani, anafanya jambo la aibu. Lakini karibu kila kazi niliyoitaja hapo juu haitaki hata tone la petroli. Kuchomelea, kupima, kufungua breki, kuvuta uzi, yote yanafanyika gari likiwa juu ya mawe. Kama kuna mahali duniani panapofaa kujenga gari kwa mwaka mzima badala ya kulikimbiza kwa mwezi mmoja, basi ni hapa petu.

Wa pili atasema: pigeni marufuku tu, yaishe. Tunaijua dawa hiyo. Machi 2022 baiskeli, pikipiki na tuktuk ziliondolewa katikati ya mji kwa jina la usalama, na waliotembea kwa miguu ni wale ambao hawakuwa na gari. Sioni kwa nini dawa iliyomgusa mwendesha baiskeli haraka namna ile isimguse kabisa mwenye Subaru isiyo na kizuia sauti, lakini siombi marufuku ya ufundi. Naomba sheria zilizopo za breki, kelele na mikanda zitekelezwe kwa mwenye gari la bei ghali kama zinavyotekelezwa kwa dereva wa Probox.

Na naomba mahali. Hapo ndipo wenye mji wanapodaiwa. Nchini Kenya kuna mbio ndogo zinazoitwa autokrosi. Gari moja kwa wakati, njia fupi iliyopindapinda kwenye uwanja wa udongo, saa ya kupimia, ukaguzi wa gari kabla ya kuruhusiwa kuanza. Rwanda wana Mountain Gorilla Rally na Uganda wana Pearl of Africa, na madereva wa kwetu hawahitaji visa kwenda kujifunza. Hatuhitaji kuanza na mbio za kimataifa. Uwanja mmoja ulio wazi, koni za plastiki, gari la wagonjwa, na mafundi watatu wa Buyenzi mlangoni wenye mamlaka ya kumrudisha mtu nyumbani. Wafungue boneti, wabonyeze pedali, wapige bomba la kizimba kwa kifundo cha kidole wasikilize, wasome tarehe za matairi. Asiyepita ukaguzi hapati kukimbia, hata awe mtoto wa nani.

Humo gari halitafika hata kasi ya 80, na mshindi anaweza kuwa Corolla kuukuu yenye springi nzima na dereva mpole. Mwenye bawa la meza ya kulia akisema hawezi kuja kwa sababu njia ni fupi mno na watazamaji ni wachache, tutakuwa tumejua alichokuwa akikitafuta barabarani.